Mchoraji wa Lango la Chuma

Mbele ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Addis Ababa, katika sehemu walikozikwa mashujaa wa vita vya Ethiopia dhidi ya Waitalia, limo kaburi la mwanamke wa Kiingereza aliyefariki dunia tarehe 27 Septemba 1960. Serikali ya Mfalme Haile Selassie ilimzika kwa heshima za kitaifa, na Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi hayo. Marehemu huyo ni Sylvia Pankhurst. Wale miongoni mwa wasomaji wetu wanaolijua jina lake, aghalabu hulijua kwa sababu ya Ethiopia, au kwa sababu ya mama yake, Emmeline, aliyeongoza wanawake wa Uingereza kudai haki ya kupiga kura. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi aliyosomea, na aliyoitamani tangu utotoni, ilikuwa uchoraji. Na kwamba silaha yake ya kwanza dhidi ya sheria za nchi yake ilikuwa rangi na burashi. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1882 mjini Manchester, katika nyumba iliyozoea siasa kama nyumba nyingine zinavyozoea harufu ya jiko. Baba yake, Dakta Richard Pankhurst, alikuwa wakili. Huyo ndiye aliyetunga muswada wa kwanza wa kuwapa wanawake kura uliofikishwa katika Bunge la Uingereza mwaka 1870, nao ukashindwa. Alishiriki pia kuandika muswada uliozaa sheria ya mwaka 1882 ya mali za wanawake walioolewa. Msomaji wa visiwani, aliyelelewa katika sheria inayotambua kwamba mali ya mke ni ya mke, huenda akastaajabu kusikia kuwa hadi karne ya 19 mwanamke wa Kiingereza akiolewa, karibu kila alichonacho kiliingia mikononi mwa mumewe, na hakuweza hata kuandika mkataba kwa jina lake. Dola iliyokuwa ikijigamba kuwastaarabisha walimwengu ilikuwa na kiporo hicho nyumbani kwake.

Baba huyo alifariki ghafla mwaka 1898, Sylvia akiwa na miaka 16, akaiacha familia bila akiba. Binti alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Manchester, akafanya vizuri kiasi cha kupewa nafasi ya kwenda Venice mwaka 1902 kujifunza michoro ya vigae na ya ukutani. Aliporudi akaombwa kupamba kuta za ukumbi mpya wa chama cha wafanyakazi huko Salford, ukumbi uliopewa jina la marehemu baba yake. Aliifanya kazi ile kwa miezi, bila ujira. Ilipokaribia kumalizika ndipo familia ilipopata habari kwamba tawi la chama litakaloutumia ukumbi ule halipokei wanachama wanawake. Yaani binti alikuwa akizipamba kuta ambazo baadaye asingeruhusiwa kukaa kati yake! Jambo hilo lilikuwa miongoni mwa yale yaliyomchosha subira mama yake, na tarehe 10 Oktoba 1903 wanawake wachache walikutana nyumbani kwao, nambari 62 Mtaa wa Nelson, wakaanzisha Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake.

Mwaka 1904 Sylvia aliingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini London. Hapo aligundua kwamba misaada ya masomo ilikuwa ikiwaendea wanaume karibu yote. Hakupeleka manung'uniko pembeni. Alimwendea rafiki wa familia yao, Keir Hardie, Mbunge wa wafanyakazi, akamwomba aulize swali Bungeni. Jibu la serikali lilikuwa kwamba katika nafasi 16 wanawake walipata 3, na kwamba hapakuwa na nia ya kubadili utaratibu huo. Tunaweza kusema kwamba elimu yake ya siasa ilikamilika siku ile: alijua tayari kwamba dhuluma ipo, sasa akajua kuwa inaweza kukiriwa hadharani, kwa hesabu kamili, na isimwone haya mtu yeyote.

Alitiwa gerezani mara ya kwanza Oktoba 1906, siku 14 katika Jela ya Holloway, baada ya kupinga mahakamani namna wenziwe walivyohukumiwa. Wengine walitoka jela na hotuba. Yeye alitoka na michoro. Alichora wafungwa wakiwa wamevaa magauni yaliyopigwa chapa ya mshale, alama ya mali ya serikali, akachora chumba chembamba chenye kitanda cha ubao, na michoro hiyo ikachapishwa katika jarida moja la London mwanzoni mwa 1907. Watu wa heshima waliokuwa wakiliona jengo lile kwa nje tu waliweza sasa kuona kilichomo ndani.

Kiangazi cha mwaka huo wa 1907 alifunga safari ambayo kwetu sisi ndiyo kilele cha maisha yake ya uchoraji. Alisafiri kwa miezi kadhaa kaskazini mwa Uingereza na Scotland, akikaa katika vyumba vya kupanga, akiwachora wanawake wakiwa kazini. Huko Cradley Heath aliwachora wafua minyororo, wanawake waliosimama mbele ya tanuri na nyundo mkononi kutwa nzima, wengi wao wakipata shilingi tano au sita kwa wiki. Huko Leicester aliwachora washona viatu. Huko Wigan aliwachora wanawake wa juu ya mashimo ya makaa, wakiyachambua makaa na mawe kwa mikono. Aliwachora wapasua samaki wa Scarborough na vibarua wa mashamba mpakani mwa Scotland. Katika viwanda vya vyombo vya udongo vya Staffordshire alimchora mwanamke akizungusha gurudumu kwa ajili ya mfinyanzi mwanamume. Na akaeleza kwamba mwanamke yule alikuwa akilipwa na mwanamume aliyemtumikia, kwa hiyo alikuwa kibarua wa kibarua. Ndani ya viwanda hivyo palikuwa pia na sumu ya risasi iliyochanganywa katika rangi ya kung'arishia vyombo, nayo iliingia mwilini mwa wafanyakazi kidogo kidogo. Katika kiwanda cha pamba mjini Glasgow joto la chumba cha kusokotea nyuzi lilikuwa kali hata yeye mwenyewe akazimia akiwa anachora.

Picha hizo hazipigi kelele. Hazina machozi wala ngumi iliyoinuliwa. Mwanamke ameinama juu ya kazi yake, mabega yamechoka, mikono inajua inachofanya, na mtazamaji anaachwa amtazame. Pamoja na picha aliandika maelezo: saa za kazi, ujira, tofauti ya ujira wa mwanamume na wa mwanamke. Wakati ule hoja kubwa ya wapinzani wa kura ya wanawake ilikuwa kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, naye analindwa huko na mumewe, kwa hiyo sheria za nchi hazimgusi. Mtu aliyekwisha kumwona mfua minyororo wa Cradley Heath asingeweza kuikariri hoja hiyo bila kujisikia vibaya. Sheria za viwanda, za saa za kazi na za kodi zilimgusa mwanamke yule kila siku, na zilitungwa na wabunge ambao hakuwachagua.

Umoja wa mama yake, hata hivyo, ulitaka michoro ya namna nyingine. Mwaka 1908 Umoja ulichagua rangi zake tatu: zambarau kwa heshima, nyeupe kwa usafi, kijani kwa matumaini. Sisi tuliokulia mahali ambapo kanga husema yale ambayo mdomo umekatazwa, hatuhitaji kuelezwa sana nguvu ya jambo hilo. Mwanamke aliyekuwa akiogopa kutoa hotuba aliweza kufunga utepe wa rangi tatu kofiani na kwenda sokoni, na kila aliyemwona akajua msimamo wake. Tarehe 21 Juni 1908, katika bustani ya Hyde Park, rangi hizo zilionekana kwa maelfu kwa maelfu.

Sylvia akawa fundi mkuu wa alama hizo. Alibuni kadi ya uanachama, mabango ya maandamano, na malaika anayepiga tarumbeta ambaye alichapwa hata katika vikombe na birika za chai. Mwezi Mei 1909 Umoja ulifanya maonyesho makubwa katika ukumbi wa Prince's Skating Rink, London, naye akapewa kazi ya kuupamba ukumbi wote. Pamoja na wasaidizi wachache alichora vitambaa vyenye urefu wa futi 20 kwenda juu: mwanamke mpanda mbegu akitembea juu ya ardhi yenye miiba, malaika, njiwa, miti yenye matunda. Vitambaa vile vimepotea, navyo vinajulikana leo kwa picha za kamera tu. Tukiruhusiwa kutoa maoni yetu, hatudhani kuwa vilikuwa kazi yake bora. Malaika wake ni wazuri, lakini ni malaika wa vitabuni, waliorithiwa kwa wachoraji wa Kiingereza waliomtangulia, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye masizi mikononi. Twasema hivyo huku tukikubali kwamba bango la maandamano lina shughuli yake, na kwamba watu hawatembei maili tano nyuma ya picha ya mfanyakazi aliyechoka.

Kazi yake ndogo kuliko zote ndiyo iliyofika mbali zaidi. Ni bizimu ya fedha, si kubwa kuliko sarafu, yenye umbo la lango la mapingo ya chuma linaloteremshwa kwa minyororo. Lango hilo ni nembo ya Bunge la Uingereza hadi leo. Juu yake Sylvia aliweka ule mshale wa nguo za wafungwa, lakini akaupaka zambarau, nyeupe na kijani. Bizimu hii ilianza kutolewa tarehe 29 Aprili 1909 kwa wanawake waliokwisha kufungwa. Tazama maana yake: nembo ya Bunge imegeuzwa kuwa lango la jela, na chapa ya aibu imegeuzwa kuwa nishani. Serikali ilikusudia mshale ule umdhalilishe mvaaji; sasa wanawake walikuwa wakiuvaa kifuani kwa fahari wakienda karamuni. Hatujui mchoro mwingine mdogo kiasi kile uliosema mengi kiasi kile juu ya sheria.

Hakuwa peke yake katika fani hii. Mwaka 1907 wachoraji wanawake walianzisha jumuiya yao ya kuchora mabango ya kura, na mwaka 1909 ikaundwa karakana nyingine iliyowafundisha wanawake kuchonga na kuchapa picha wenyewe. Bango moja la karakana hiyo, la mwaka 1912 hivi, lilionyesha safu mbili. Juu walikuwa meya mwanamke, muuguzi, mama, mwalimu na mfanyakazi wa kiwandani, wote wasio na kura; chini walikuwa mwanamume mhalifu, mlevi na wenzao wa namna hiyo, ambao hawakuipoteza haki yao. Mwezi Juni 1909 mchoraji mwingine, Marion Wallace Dunlop, alipiga chapa ya wino ukutani ndani ya jengo la Bunge, akinukuu sheria ya kale iliyowapa raia haki ya kupeleka malalamiko yao kwa mfalme. Alipofungwa, aligoma kula, wa kwanza katika harakati zile.

Maofisa wa serikali wanaosoma safu hii watavutiwa kujua kwamba serikali nayo iligeukia picha. Mwaka 1913 wakuu wa magereza walianza kuwapiga wafungwa hao picha kwa siri uwanjani mwa jela, ili polisi na walinzi wa majumba ya sanaa wapate kuwatambua. Mfungwa mmoja alikataa kutulia, na askari akamshika shingoni. Picha ilipotolewa kwa matumizi, mkono wa askari ulikuwa umefutwa na mahali pake pamechorwa skafu. Hati hizo zilihifadhiwa katika nyaraka za taifa, na ndiyo maana habari yake inajulikana leo. Waliofuta mkono ule hawakufikiri kwamba picha ya asili ingewangoja.

Mwishoni mwa 1912 Sylvia alihamia mashariki ya London, mitaa ya maskini karibu na bandari. Alikodi duka katika barabara ya Bow, akapanda ngazi na kuandika kwa mkono wake, kwa herufi za dhahabu juu ya mlango, madai ya kura kwa wanawake, huku umati umekusanyika chini ukimtazama. Tangu hapo hakuchora sana. Mwaka 1913 alifungwa tena, akagoma kula, akalishwa kwa nguvu kwa mpira uliosukumwa kooni, siku baada ya siku kwa wiki tano. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuwaachia waliogoma wanapodhoofika na kuwakamata tena wanapopata nafuu. Wananchi wakaiita sheria ya paka na panya, na bango lililomwonyesha paka mkubwa akiwa amemshika mwanamke kinywani likaibandika sheria hiyo ukutani nchini kote. Sylvia aliachiwa na kukamatwa mara kwa mara, akifichwa na wafanyakazi wa bandarini na wake zao. Juni 1914 alibebwa, akiwa hawezi kusimama, hadi mlangoni mwa Bunge, akatangaza kuwa hatakula mpaka Waziri Mkuu Asquith awapokee wanawake wa mashariki ya London. Asquith akawapokea.

Wakati huo mama yake na dada yake Christabel walikwisha kumtoa katika Umoja, Januari 1914. Walimtaka aachane na wanawake maskini na chama cha wafanyakazi, yeye hakutaka. Vita vilipozuka mwezi Agosti, mama na dada waliiunga mkono serikali, naye akavipinga, akafungua mikahawa ya bei nafuu, kiwanda cha vinyago vya watoto, na nyumba ya kulelea watoto katika jengo lililokuwa baa. Gazeti lake lilichapisha picha za kamera za watoto wa mitaa ile, nazo zikafanya kazi ambayo burashi yake ingefanya.

Alikuwa mtu mgumu. Hakukubali kuongozwa, aligombana na karibu kila chama alichoingia, na Chama cha Kikomunisti kilimfukuza mwaka 1921. Alizaa mtoto mwaka 1927 bila ndoa, akakataa kutoa maelezo kwa yeyote, na mama yake hakusema naye tena hadi alipofariki Juni 1928. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Julai 1928, sheria ya kuwapa wanawake kura sawasawa na wanaume, kuanzia miaka 21, ilithibitishwa. Ile ya 1918 ilikuwa imewapa kura wenye miaka 30 na zaidi tu, tena wenye sifa za mali, hivi kwamba wasichana wa viwandani aliowachora mwaka 1907 wengi wao walibaki nje.

Italia ilipoivamia Ethiopia alianzisha gazeti la New Times and Ethiopia News, Mei 1936, akaliendesha kwa miaka 20. Mwaka 1956 alihamia Addis Ababa moja kwa moja. Alipokuwa akiishi huko, uchaguzi wa kwanza ulifanyika katika visiwa vyetu, mwaka 1957, na mama zetu hawakupiga kura. Walipanga foleni kwa mara ya kwanza Januari 1961, miezi minne baada ya yeye kuzikwa.

Limebaki swali alilojiuliza mwenyewe tangu ujana wake, nalo ni zito kwa kila mwenye kipaji: je, mtu ana haki ya kukaa chumbani akichora ilhali jirani yake ana njaa? Alilijibu kwa kuacha kuchora. Wako wanaomsifu kwa hilo, nasi hatuwabishii. Wanawake wa Bow walipata maziwa ya watoto wao. Lakini tukizitazama zile picha za 1907 tunaona ugumu wa kulikubali jibu hilo lote. Hotuba zake mia zimesahauliwa, magazeti yake yanasomwa na watafiti, na wanawake wale wangali wameinama juu ya kazi zao kama alivyowaacha. Jiji ambalo lilimfunga lilichukua muda mrefu kutambua thamani yao. Mwaka 2018, miaka 100 baada ya sheria ya kwanza ya kura, jumba la sanaa la Tate la London lilinunua picha nne kati ya hizo. Katika mmojawapo msichana wa kiwanda cha Glasgow anabadilisha kijiti cha kukunjia uzi, macho yake yako kwenye mashine. Kichwa cha picha kinataja kazi yake na mji wake tu.